Cruiser ya asali: HZJ75 iliyowekewa kila kitu ikaishia kukosa nguvu

Gari yenyewe ni Land Cruiser HZJ75 pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ilikuwa ya mradi fulani zamani, ikauzwa mnadani, ikapita mikono kadhaa mpaka ikamfikia mzee mmoja anayenunua asali huku kwetu, anazunguka Sikonge, Ipole, Kiwere hadi Kitunda anakusanya ndoo anashusha Tabora mjini. Kwa kazi hiyo ukiniuliza mimi hamna gari bora zaidi, springi mbele na nyuma hamna koili, hamna kompyuta kwenye injini, pampu ya dizeli ni mekanika tupu, ikizingua porini unairudisha mjini kwa spana na waya. Sasa siku inafika gereji imevutwa na Fuso kutoka barabara ya Ipole, inatoa moshi mweupe, maji yanaisha kwenye rejeta na huoni yanapovujia, na mwenye gari analalamikia kitu kingine kabisa.

Tukasalimiana, shikamoo mzee, marahaba, hapohapo akaingia kwenye hoja: "Fundi, hii gari haina nguvu. Turbo waliyoniwekea ni ndogo, nitafutie kubwa."

Nikamwambia mzee wangu ngoja kwanza, nisimulie kiliwekwa nini mwanzo na nini kikafuata, maana gari kama hii huwezi kuisoma kwa ugonjwa wa mwisho tu. Akanisimulia yote bila kuficha na nikiri alivyokuwa anasimulia nilikuwa nshaanza kuona inapoelekea.

Ilianza na tatizo la kweli kabisa. Njia za kule ndani zimechimbwa na malori ya tumbaku, tairi za lori zinaacha mifereji miwili mirefu na katikati linabaki tuta, pikapu ikipita difu (lile boksi la meno katikati ya ekseli) inakaa juu ya tuta na matairi yanazunguka hewani. Mzee akakwama hivyo mara nyingi tu. Akaenda kwa watu wa mjini (sio hapa Tabora) wakamwambia dawa ni kunyanyua gari. Wakaongeza kipande cha springi kila upande, wakaweka na sheko ndefu (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi), gari ikapanda juu kama inchi 4. Inapendeza kweli kweli ukiiona kwa mbali. Tatizo ni kwamba difu haikupanda hata milimita moja! Kunyanyua springi kunapandisha bodi na chesisi, ekseli inabaki palepale ilipokuwa kwa sababu inabebwa na tairi. Kinachopandisha difu ni kimo cha tairi peke yake, basi. Kwa hiyo akaenda akakwama kwenye tuta lilelile, ila sasa akiwa amekaa juu zaidi.

Akarudi kwao, wakamwambia sawa basi weka tairi kubwa. Akafungiwa 315/75R16, zile watu wanaita 35, yaani kimo cha inchi 35.

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo kiini cha kisa chote. HZJ75 ya kazi inakuja na 7.50R16, kimo chake ni kama milimita 806. Hiyo 315/75R16 ni kama milimita 879. Tofauti 73, na kwa sababu difu iko katikati ya tairi unapata nusu yake tu, yaani sentimita tatu na nusu hivi. Ndo faida yote hiyo. Hasara zake sasa: tairi imekua kwa asilimia 9, ni sawasawa na mtu kakubadilishia difu akakupa yenye mbio zaidi na nguvu kidogo kuliko uliyokuwa nayo. Difu ya 4.11 (propela inazunguka mara 4.11 tairi ikizunguka mara moja) inaanza kufanya kazi kama ya 3.77. Msukumo unaofika ardhini unapungua kama asilimia 8 kwenye kila gia, ya kwanza mpaka ya tano, na L4, ile gia nzito ya 4x4, nayo imo, na hiyo L4 ndo ulikuwa unaitegemea kule porini. Spidi mita nayo inadanganya, ikisoma 80 wewe uko 87. Hapo bado sijasema uzito wa tairi yenyewe, tairi pana na rimu yake ni nzito kuzungusha na nzito kusimamisha, klachi inajua, breki inajua.

1HZ ni injini ya cc 4164, silinda sita, farasi kama 130, haina turbo, na sifa yake ni kudumu, mbio hazimo. Halafu tusisahau Tabora iko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo inakuwa ishapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kabla hujapakia hata ndoo moja. Na ndoo zenyewe sasa. Watu wanahesabu asali kama maji, asali lita moja inakaribia kilo 1.4, ndoo ya lita 20 ni kilo 28, ukipakia ndoo 40 una kilo 1,120. Tani na zaidi, mbali na dereva, mpakiaji, maji, spea na abiria wa njiani ambaye huwezi kumwacha.

Kwa hiyo gari ikawa nzito kuondoka. Kawaida. Ila mzee hakuambiwa kwamba ni tairi, aliambiwa injini imechoka.

Kabla ya injini kuguswa vikaongezwa vitu vingine. Ngao ya chuma nene mbele, winchi ya umeme ya pauni 12,000, keria ya chuma juu, taa nne kubwa zimepangwa mbele ya grili. Na mkonga, lile bomba linalopandisha juu mdomo wa kunyonyea hewa ya injini. Mkonga nitaurudia, una kesi yake peke yake. Mbele gari ikainama, wakaongeza tena kipande cha springi, ikawa ngumu kiasi kwamba ikiwa tupu inaruka kwenye kila makorongo na mzee anasema kiuno kilikuwa kinamuuma, basi.

Ndo ikaja turbo. Mimi siko kwenye kundi la wanaosema turbo kwenye 1HZ ni dhambi, nimeona zinazoishi vizuri. Ila lazima mtu ajue anacheza na nini. Mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli inawaka kwanza kwenye vichumba vidogo ndani ya hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda) ndo moto unatoka kwenda kwa pistoni. Ukilinganisha na ndugu yake 1HD-T ambayo Toyota wenyewe waliitoa na turbo, ile ina 18.6 kwa 1 na dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Waliotengeneza hawakushusha mgandamizo kwa bahati mbaya. Kwenye 1HZ joto linakaa kwenye hedi, pembeni ya vile vichumba na katikati ya valvu, na pakichemka kupita kiasi panapasuka. Wanaofanya kwa akili wanakaa presha ya psi 7 au 8, wanaweka geji ya joto la moshi kabla ya turbo, wanahakikisha rejeta ni nzima, na hawaigusi ovyo skrubu ya pampu inayoongeza dizeli.

Ya mzee haikuwa na geji yoyote. Skrubu ya pampu imefunguliwa, moshi mweusi. Hapa kuna kitu watu wanakichanganya, kwenye petroli ukipunguza mafuta ndo injini inachemka, dizeli ni kinyume chake, ukiongeza dizeli ndo joto linapanda. Na pampu ya 1HZ haijui kama turbo ipo au haipo, inamwaga tu, kwa hiyo ukiwa kwenye kichanga cha Kitunda unapanda taratibu na L4, turbo haijaamka, dizeli inamwagwa kama umejaa hewa, hapo unapika hedi. Kwenye lami kutoka Sikonge kuja mjini ilikuwa inapaa kweli, mzee anasema alifurahi sana, mabasi yalikuwa yanampisha. Kazi yake lakini haiko kwenye lami.

Ikaanza kupandisha joto. Fundi mwingine akafanya kile ambacho kinafanyika kila mahali nchi hii, akatoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akatupa. Jamani hii tabia. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka kwa juu inaziba njia ya mkato kwa chini, ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Unadhani umesaidia kumbe umeongeza tatizo. Na asubuhi injini inachelewa kupata moto, ringi zinalika.

Tulipofungua. Hedi imepasuka silinda ya tano na ya sita, huko nyuma kabisa. Hilo nilitegemea. Kilichonishtua ni silinda zenyewe zimelika zote sita, zimepata ule mng'ao wa kusuguliwa na mchanga. Nikapitisha kidole ndani ya bomba la hewa, sehemu ya baada ya filta ambapo panatakiwa pawe pasafi kabisa, kikatoka chekundu. Vumbi. Huo ndo mkonga sasa. Walitoboa fenda, wakapitisha bomba, ila pale linapoungana na boksi la filta waliweka gundi na klampu ya ukubwa usio wenyewe, ikaachia upenyo, na filta yenyewe imefungwa bila raba yake ya kuzibia. Gari inanyonya vumbi la njia za huko ndani kiangazi kizima. Mzee yeye alikuwa na amani moyoni kwamba ana mkonga hata akipita mto. Kwenye maji ule mkonga ungenyonya maji palepale kwenye ule upenyo! Kati ya vyote alivyofungiwa hiki ndo kilichoiua injini, turbo ilimalizia tu, na hiki ndo mtu asingekifikiria.

Rejeta nayo ilikuwa na kesi. Baada ya mvua nyasi huku zinakua kuliko gari, ukipita njia za warina asali mbegu za nyasi zinajaa kwenye mapezi ya rejeta, hazionekani kwa mbele kwa sababu zimebanwa katikati. Juu ya hapo kuna winchi, kuna taa nne, kuna ngao, hewa inapitia wapi? Na ile feni yake inayojifunga ikipata joto ilikuwa inazunguka bure, mafuta yake ya silikoni yameisha, injini ikizimwa moto moto unaizungusha kwa mkono mmoja bila kushika.

Chini ya gari sasa. Sheko ndefu zilikuwa zimeizungusha ekseli ya mbele, stelingi hairudi yenyewe ukikata kona na gari inatangatanga barabarani, mzee alidhani ni upepo. Propela iko kwenye pembe kali, krosi (maungio yake) zimeanza kulia. Mipira ya breki imevutika mpaka mwisho, gurudumu likishuka kwenye shimo ulikuwa unasubiri ikatike. Na kitu kimoja ambacho nawasihi wote mnaonyanyua hizi gari mkikague: nyuma kuna valvu ya breki yenye mkono umeungwa kwenye ekseli, inasoma mzigo. Gari ikishuka kwa mzigo inapeleka presha nyingi nyuma, ikiwa juu inajua tupu inapunguza. Ukinyanyua gari bila kurekebisha huo mkono, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, una tani ya asali mgongoni na breki za nyuma zinashika nusunusu. Watu wanaonyanyua magari hawaongelei hii kabisa.

Difu ya nyuma tulipofungua oili ilitoka kama chai ya maziwa. Alikuwa akipita maji na difu imepata moto, difu ikigusa maji baridi hewa ya ndani inasinyaa inavuta, kama kile kidude cha kupumulia kimeziba na tope inavuta maji kupitia sili. Kipande cha mpira cha mita mbili kinachopandishwa mpaka juu ya chesisi kingezuia hilo. Alikuwa na mkonga wa injini lakini difu hazina pa kupumulia.

Tukakaa na mzee. Nikamweleza hivi: gari yako haikuwahi kukosa nguvu, kila ulichofunga kilikula kidogo kikadai kingine kifungwe. Alinyamaza halafu akauliza sasa tunatoa vyote? Nikamwambia hapana, ila tunaanza chini kuja juu.

Bloku ilienda Mwanza kuchongwa, ikarudi na pistoni za ovasaizi. Hedi tukanunua nyingine, ile ya zamani ni ya chuma na kuna waliojitolea kuichomelea, nikakataa, ufa wa pale ukichomelewa unarudi na ukirudi unarudia porini. Nozo na pampu zikaenda kupimwa, skrubu ikarudishwa ilikokuwa. Taiming beliti mpya, hiyo kila kilomita laki moja usiongeze maneno. Themostati ikarudi, feni ikajazwa silikoni, rejeta ikafunguliwa ikasafishwa kutokea upande wa injini kwa maji ya presha ndogo, ukitumia presha kubwa unalaza mapezi.

Mkonga haukutoka. Tulitoa boksi lote, tukaweka bomba la kipimo chake, raba mpya, klampu mbili kila maungio, halafu tukajaribu kwa kuziba mdomo wa juu na mkono injini ikiwa inaunguruma. Ikizima ujue hamna upenyo. Ikiendelea kuunguruma kuna mahali inanyonya. Haigharimu chochote, kila mwenye mkonga ajaribu leo.

Tairi ilikuwa ubishi. Yeye anapenda zile 35 kwa sura. Njia ya kubaki nazo ipo, unabadilisha meno ya difu kwenda 4.56 au 4.88, ila ni difu zote mbili, ukibadilisha moja tu siku unayoweka 4x4 mbele na nyuma zinagombana unavunja transfa (giaboksi ya 4x4). Gharama yake tukapiga hesabu pale pale kwenye karatasi na yeye mwenyewe akasema rudisha za zamani. Tukarudi 7.50R16. Ningeweza kumpa 235/85R16 ambayo kimo chake ni kilekile na haina tubu, ila kule Kitunda tairi ya tubu inazibwa na yeyote mwenye kiraka na pampu, na yeye anashinda huko. Tahadhari mbili: tairi ya tubu ukipunguza upepo kupita kiasi tairi inateleza kwenye rimu inang'oa valvu, kwa hiyo nilimwambia akiwa na mzigo asishuke chini ya psi 25. Na zile rimu za pete, ukiwa unajaza upepo usikae usoni kwake, funga mnyororo, ile pete ikiruka inaua.

Springi tukatoa vipande vyote vya nyongeza, tukafunga seti iliyotengenezewa mzigo wa kudumu, ikabaki imepanda kama sentimita 5, sheko za kawaida, shokapu za urefu unaolingana, mkono wa valvu ya breki ukarekebishwa, mipira ya breki mirefu kidogo. Kuhusu tuta katikati ya njia, dawa yake ni dereva. Panda tairi moja juu ya tuta na nyingine ukingoni, usikae ndani ya mifereji ya lori. Madereva wa zamani wa Land Rover 109 walipita hizohizo njia bila 35.

Winchi ndo tulibishana kweli. Mzee anaiona kama bima. Hoja yangu ilikuwa moja: unakwama wapi? Kwenye miombo kuna miti lakini huko ni kichanga, unapunguza upepo unatoka. Pabaya ni kwenye mbuga, udongo mweusi, ukinyesha unavimba unashika kila kitu, meno ya tairi yanajaa tairi inabaki laini. Na mbuga haina mti! Winchi utaifunga wapi, labda uzike tairi la spea. Halafu winchi ya mbele inakuvuta mbele, ndani zaidi, wakati mara nyingi unachotaka ni kurudi ulikotoka. Tukaishusha pamoja na ngao, tukaweka bampa nyepesi, na yeye akachukua winchi ya mkono ya waya ambayo unaifunga mbele au nyuma, jeki ndefu, mbao mbili ngumu na sepetu. Na mbuga ikiwa imenyeshewa, subiri. Hakuna gari ya kuipita hiyo, hata hizo za kwenye picha.

Sasa hivi inafanya kazi. Ndoo 40 zinapanda kutoka Kitunda na geji ya joto haitikisiki, klachi haitelezi, dizeli anasema imepungua ingawa hajanionyesha hesabu. Kwenye lami mabasi hayampishi tena na hilo linamuuma, haoni aibu kulisema. Nilimshauri vilevile mzigo aupange mbele ya ekseli ya nyuma, kitanda cha pikapu hii kinatokeza sana nyuma na ndoo zikirundikwa mkiani mbele inakuwa nyepesi, stelingi inaelea, hilo bado wapakiaji wake hawalifuati.

Turbo iko stoo kwangu imefungwa kwenye mfuko. Juzi kapiga simu anaulizia tena, nikamwambia mzee wangu inarudi kwa masharti: geji ya joto la moshi kwanza, psi 7 isizidi, pampu inapimwa na watu wa pampu sio mtu na bisibisi, na kabla ya yote anaanza na difuloki ya nyuma, inayofunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, kwa sababu hiyo ndo itamsaidia kule anakokwama. Akasema difuloki haionekani mtu akiangalia gari. Tumeachia hapo mpaka msimu wa asali uishe.